Kioo Kisipige Kelele: Juu ya Simu, Macho na Siri ya Mwanachama

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka, kwa ajenda ya tatu: «Kupitisha michango kwenye simu». Wanachama wengi waliomba maneno haya yaandikwe, ili wayasome tena nyumbani na kuwasomea wale ambao hawakufika.

  

Komite imeleta wazo kwamba kuanzia mwaka kesho mchango usiletwe tena mkononi siku ya Pili ya mwezi, utumwe kwa simu. Na daftari la sanduku liingizwe katika programu ya simu kubwa ya katibu. Sababu yake tunaielewa. Mtu wa Lulimba analipa pikipiki pesa nyingi kuliko mchango wenyewe, na njia munaijua, siku nyingine inapitika, siku nyingine mtu anarudia katikati. Mimi sikuja kupinga simu. Simu imetusaidia sana sisi tuliorudi. Ndugu zetu wengine walibaki Nyarugusu, wengine walipelekwa Marekani, Kanada, Australia, na bila simu tungekuwa tumeshapoteana.

Lakini mwenyekiti aliniomba niseme ninachokiona kazini kwangu. Munajua kazi yangu ni sekretariati: ninapiga barua za watu kwa mashine, ninatoa fotokopi, ninajaza fomu. Kila siku watu wananiletea na simu zao. Wanasema, simu imeharibika. Ninaishika, ninaiangalia, simu ni nzima. Kilichoharibika ni namna kioo chake kilivyopangwa. Na nimekuja kusema jambo moja tu, mengine yote ni maelezo yake: kioo chenye kelele kinamnyang'anya mtu siri yake, na mtu akishapoteza siri, pesa inafuata.

Kelele ya macho

Kelele ya masikio tunaijua. Muuza dawa akisimama sokoni na kipaza sauti, huwezi kupatana bei ya samaki na mama aliye mbele yako. Unasogea pembeni, basi. Kelele ya macho haina pembeni, juu iko ndani ya kitu chenyewe unachokitazama.

Angalieni mama mmoja anafungua programu ya pesa ili aone kama mwanawe amemtumia kitu. Anataka neno moja na namba moja. Juu ya kioo kuna picha, inabadilika kila baada ya sekunde chache: mara mpira, mara kijana anacheka na simu mpya, mara neno «Ushinde!». Chini kuna kidoa chekundu chenye namba, kinamwambia kuna kitu hajakisoma. Pembeni kuna kiduara kinatetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha karatasi inateremka kutoka juu, inafunika yote: unaipenda programu yetu? Tupe nyota tano. Anatafuta mahali pa kuifunga. Kuna kialama cha msalaba kwenye kona, kidogo kama punje ya ufuta. Kidole chake ni kidole cha jembe na cha kuparua samaki. Kinaangukia kwenye tangazo. Sasa yuko mahali pengine kabisa, na hajui alifikaje.

Maneno yake ninayajua kwa moyo: «Mutoto wangu, angaliya, kitu kinaruka-ruka humu ndani, sijue niguse wapi.»

Kuna kosa lingine ambalo kwetu ni baya kuliko mjini. Unaona neno unalolitaka, unapeleka kidole, na sekunde ile ile neno linateremka chini na tangazo linakaa mahali pake. Unagusa tangazo. Sababu ni kwamba maneno yanafika haraka, na picha nzito inafika imechelewa, ikifika inasukuma yote chini. Aliyetengeneza programu anaijaribu kwenye mji wenye mtandao wa kasi, picha na maneno vinafika pamoja, kwake kioo kinatulia. Kwetu mtandao unatambaa, kioo kinacheza dakika nzima. Kosa hili linajulikana hata kwa wakubwa wa dunia. Mwaka 2020 Google walilitia katika vipimo vyao vya kusema ukurasa ni mzuri au ni mbaya. Kwa hiyo mama akisema «kinanikimbia», hakosei. Kweli kinamkimbia.

Jicho na ndagala

Wengine wanasema, wazee wazoee tu, vijana mbona wameweza. Hapa ninataka tuelewane, juu wazee wengi wamevunjika moyo, wanajiona wajinga.

Sisi watoto wa Tanganyika hatuhitaji profesa kwa jambo hili. Usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wanaingia ziwani na taa. Ndagala wanapanda kuifuata taa, wavu unainuliwa. Ndagala hakuketi akafikiri, akaamua kwenda kwenye taa. Mwili wake ulikwenda.

Jicho la mtu nalo lina jambo kama hilo. Katikati ya jicho ndipo tunaposomea herufi. Pembeni mwa jicho hatuwezi kusoma, lakini ni pepesi sana kuona kitu kinachosogea. Tuliumbwa hivyo, na ni vizuri, ndiyo njia ya kumwona nyoka kwenye majani kabla hujamkanyaga. Sasa ukiweka kitu kinachoruka pembeni ya neno ninalolisoma, jicho langu litakwenda kabla mimi sijaamua. Nikilirudisha, litakwenda tena. Mzee anayechoka mbele ya kioo cha namna hiyo si mjinga. Jicho lake linafanya kazi yake sawasawa. Kijana naye jicho lake linakwenda hivyo hivyo, tofauti ni kwamba anarudi haraka, na hana haraka ya kulipa hospitali.

Hata wanaoandika kanuni za kurasa za intaneti walilikubali. Kanuni zao za mwaka 2008 zinasema, kitu kinachosogea chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maneno lazima kiwe na njia ya kukisimamisha. Tena zinasema, kitu kisimulike zaidi ya mara 3 katika sekunde moja, isipokuwa kiwe kidogo sana au hafifu, juu kinaweza kumwangusha mwenye kifafa. Si hadithi. Mwezi wa 12 mwaka 1997, kule Japani, televisheni ilionyesha katuni ya watoto yenye mwanga mwekundu na wa buluu unaomulika haraka haraka, na watoto karibu 700 walipelekwa hospitali siku moja. Sisi hapa kifafa tunakijua majumbani mwetu. Tusicheze na mwanga.

Kinachokula mega na chaji

Nitapita haraka, juu hili kila mtu analisikia mfukoni. Ujumbe mmoja wa maandishi, herufi 160, una uzito wa baiti 140. Picha moja ya megabaiti 2 ina uzito wa ujumbe kama 14,000. Na video ni picha nyingi zinazofuatana. Kwa hiyo kile kitangazo kinachocheza juu ya salio lako, ambacho hukukiomba, wewe ndiye unayelipa usafiri wake. Tena kioo kinachong'aa na kucheza kinamaliza chaji, na wengi wetu tunalipa kuchajisha kwenye duka lenye sola. Umelipa mara mbili, na bado hujaona salio.

Siri

Sasa nafika mahali pa ajenda yetu.

Mtu akishindwa na kioo, anafanya nini? Anamwita mtu. Anampa simu kijana aliye karibu, mara nyingi mtu mwema, na kwa sababu kijana hawezi kufika kwenye pesa bila namba ya siri, anamtajia namba ya siri. Anaitaja kwa sauti, juu kuna kelele. Pale kwangu kwenye sekretariati, wiki haipiti bila kusikia namba za siri za watu. Ninawaambia, mama, shika simu mwenyewe, geuka kule, andika mwenyewe. Wananijibu: «Ningeweza ningekuja kwako?»

Wote munakumbuka kesi ya mmoja wa wazee wetu, jina lake halitatajwa hapa wala kwenye gazeti. Alitumiwa pesa na mwanawe aliye ng'ambo, za matibabu ya mjukuu. Kioo kilimchanganya, alimpa kijana simu na siri. Kijana alimtolea nusu, akamwambia ndizo zilizofika. Kuja kujua ukweli, wiki mbili zimepita na kijana haonekani. Mtoto alitibiwa na nani? Na sanduku letu la msaada. Pesa zile ni michango yenu ninyi, mama wa mihogo na baba wa nyavu. Kwa hiyo mtu asiseme mambo ya kioo ni ya mwenye simu peke yake.

Na mama mwingine wa kwetu: ujumbe uliruka juu ya kioo chake wakati anapiga simu, maneno mengi na kitufe kimoja tu cha «OK». Aligusa OK ili uondoke. Kumbe amekubali kuletewa michezo kila siku, na kila siku unite zinakatwa. Miezi mitatu alikuwa anafikiri wajukuu ndio wanamwibia. Watoto walipigwa kwa kosa la kitufe.

Jambo hili la kioo na siri tulilionja wote pamoja. Mwaka 2006, tulipokuwa bado tunashuka kutoka kwenye meli za kutoka Kigoma, tulipiga kura kwa karatasi. Wagombea urais walikuwa 33, karatasi ilikuwa kubwa, lakini kila mmoja alikuwa na picha yake na namba yake, na karatasi ilikaa. Ilikusubiri. Mzee aliingia peke yake, akatafuta polepole, akatia alama, akakunja, akatoka, na siri yake ilibaki kwake. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018 tukaletewa mashine ya kioo cha kugusa, na mwaka 2023 tena. Sisemi neno juu ya matokeo, chama chetu hakina kazi hiyo. Ninasema tu juu ya kioo: wengi ambao hawakuwahi kugusa kioo cha namna ile walihitaji mtu asimame pembeni yao awaonyeshe. Kura ilipigwa, ndiyo. Lakini mtu aliyekuja na siri alitoka wakiwa wawili wanaoijua.

Ndiyo maana ninasema kioo kilichotulia si urembo, wala si anasa ya wasomi. Ni kama mlango wa nyumba. Mlango ambao mwenyewe hawezi kuufungua bila kumpa jirani ufunguo, nyumba ile siyo yake tena.

Tuliwahi kuwa na vitu vilivyotulia

Vijana wanaweza kufikiri hakuna njia nyingine. Iko.

Wazee wa Lugufu na Nyarugusu, munakumbuka kadi ya chakula. Karatasi ngumu, idadi ya watu wa nyumba, namba zimezunguka pembeni. Siku ya ugavi mtu anaitoboa kwenye namba, basi. Hukuhitaji kusoma Kifaransa wala Kiingereza kujua kama umeshachukua au bado. Chakula chenyewe kilipunguzwa mara nyingi, hilo tulilia nalo, lakini kadi haikumdanganya mtu.

Munakumbuka na simu ya tochi, ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kioo kidogo, herufi nyeusi, vitufe ambavyo kidole kinavijua hata gizani. Ukipiga, inapiga. Ukizima, inazima.

Na pesa za simu zenyewe zilianza kwa utulivu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa 3 mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008 na hapa Kongo mwaka 2012, ilikuwa maneno na namba tu. Na njia ile bado iko, kwenye mitandao yote tunayoitumia hapa: unaanza na nyota, unamaliza na ile dieze, wengine wanasema alama ya reli. Inakuuliza, unajibu 1, unajibu 2. Ukurasa mmoja hauwezi kupita herufi 182, kwa hiyo hata anayetaka kukupigia kelele hana nafasi. Haitumii mega. Inafanya kazi kwenye simu ya tochi na kwenye simu kubwa sawasawa. Ubaya wake ni mmoja: ukikawia inakatika, unaanza tena. Lakini haikuhamishii neno chini ya kidole.

Kwa nini basi wakaleta kelele? Kwa sababu kioo kinauzwa. Tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka 1994, ukurasa mmoja wa Marekani ulianza kukodisha kipande cha kioo kwa matangazo, na wengine wakafuata. Watu wakajifunza kutoyatazama. Mwaka 1998 watafiti wawili, Benway na Lane, walionyesha kwamba watu wanaruka kile kisanduku chenye mapambo hata kama kitu wanachokitafuta kimeandikwa humo humo ndani. Wenye matangazo walipoona hivyo, hawakunyamaza, waliongeza sauti: yakaanza kuruka, kutetemeka, kufunika. Ni kama wauza dawa wawili pale sokoni. Mmoja akipandisha kipaza sauti, wa pili anapandisha zaidi, na anayetaka samaki anaondoka na maumivu ya kichwa.

Lakini watu waliponung'unika kwa wingi, kelele iliwahi kurudishwa nyuma. Zamani kulikuwa na amri ya kufanya maneno yawake na kuzimika kwenye ukurasa wa intaneti. Ililetwa na Netscape miaka ile ya 1990. Watu waliichukia, na mwaka 2013 Firefox nao wakaitoa. Waliojifunza kompyuta kwa programu za Microsoft za mwaka 1997 wanakumbuka kile kibanio cha karatasi chenye macho, unaandika barua, kinatokea kwenye kona kukuuliza kama unaandika barua. Kufika mwaka 2007 kilikuwa kimeondolewa. Na mwaka 2013 huo huo, Apple walipoleta vioo vinavyokuza na kusogeza kila kitu, kuna watu walisikia kizunguzungu na kichefuchefu. Ndani ya wiki chache kampuni iliongeza nguvu kwenye kitufe cha kupunguza mchezo ule. Kwa hiyo kulalamika si kazi bure. Sisi wa Fizi sauti yetu haifiki huko mbali, ndiyo, lakini kuna mahali ambapo mkono wetu unafika.

Neno kwa vijana

Jana jioni nilipowaambia vijana wa komite nitakachosema, mmoja alinijibu: «Mukubwa, unataka turudi kwenye simu za wafu. Mama asiyejua kusoma atasaidiwa na picha, siyo na maneno yako.»

Ana haki nusu, na nusu hiyo ninaitaka. Picha inasaidia. Ile karatasi ya kura ya 2006 ilikuwa na picha, na ilisaidia. Rangi nayo inasaidia: sanduku la akiba liwe na kijani, la msaada jekundu, hata mtoto hatakosea. Mama zetu hawavai vitenge vya kijivu, na mimi sitaki wavae. Mimi ninapinga kitu kimoja: kitu kinachosogea bila kuombwa wakati mtu anashika pesa yake. Picha iliyokaa mahali pake kila siku ni alama ya njia, kama mwembe kwenye njia panda. Mwembe ukihama kila asubuhi, nani atafika nyumbani?

Nanyi vijana munaotutengenezea matangazo ya chama na kuyatuma kwenye kundi la simu, niwaambie kwa upendo. Tangazo la kilio lenye maua yanayowaka, nyota zinazoanguka na herufi za rangi sita, mzee analiangalia mara tatu na bado hajui mazishi ni saa ngapi. Andikeni: nani, wapi, siku gani, saa ngapi. Maua tutayaleta wenyewe.

Ninachopendekeza

Ninaomba mkutano uongeze mambo haya kwenye ajenda ya tatu kabla ya kupiga kura.

Kwanza, michango ipite kwenye njia ya namba, ile ya nyota na dieze, isiwe kwenye programu yenye picha. Anayependa programu aitumie kwa mambo yake, lakini chama kifundishe njia moja, hatua zilezile kwa wote. Hatua hizo nitaziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, herufi kubwa, na kila kijiji kipate nakala. Ninajua sisi tuliotoka Tanzania tunasema vocha na salio, na waliobaki wanasema unite. Nitaandika yote mawili.

Pili, daftari la karatasi libaki ndilo daftari. Simu ya katibu iwe nakala. Daftari halina chaji ya kuisha, na siku ya mkutano kila mtu anaweza kuweka kidole kwenye mstari wake.

Tatu, kila baada ya mkutano tubaki saa moja, tufundishane kunyamazisha simu. Si kazi ngumu. Kwenye simu nyingi za Android zilizowekwa Kifaransa, unaingia «Paramètres», kisha «Accessibilité», unatafuta «Supprimer les animations», unaiwasha, na michezo mingi ya kioo inakatika. Matangazo mengine yataendelea, ndiyo sababu ya lile azimio la kwanza. Humo humo unaweza kukuza herufi. Kuna «Économiseur de données», inazuia programu kula mega kwa siri. Kuna mahali pa «Notifications», unazima zile ambazo hukuziomba na kubakiza za simu, ujumbe na pesa. Kwenye WhatsApp, ndani ya «Stockage et données», unaizuia isipakue picha na video peke yake. Ndugu zetu wa ng'ambo wanatutumia salamu za video kila asubuhi, tunawapenda, lakini tutazifungua tukitaka. Anayetaka simu yake iseme Kiswahili, tutamwonyesha pia.

Nne, na hili ndilo zito: iwe sheria ya chama kwamba hakuna mwanachama, katibu, wala mtoto wa mwanachama, anayeuliza namba ya siri ya mwenzake au kuipokea. Anayemsaidia mzee anasaidia kwa mdomo: «Papa, sasa andika 2. Sasa soma jina lililotokea. Ni la mama mweka sanduku? Haya, mimi ninageuka, andika siri yako.» Simu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Itachukua dakika tano badala ya moja. Tungoje. Na ujumbe unaoruka wenye OK, asiguse kabla hajausoma kwa mtu wa kuaminika. Akishindwa, azime simu, aiwashe tena.

Tano, miezi mitatu ya kwanza, asiyeweza bado alete mkononi kama kawaida, na asichekwe wala asitozwe faini ya kuchelewa. Hatukurudi nyumbani ili tuwaache njiani wale waliotubeba mgongoni mwaka 1996.

Bandugu, watu wengi wanatutaka macho yetu siku hizi, na kila mmoja anayo taa yake. Kuzizima taa zote hatuwezi. Lakini siku mwanachama wetu anapotuma mchango wake, kwa dakika zile chache, kioo chake kinaweza kunyamaza, na yeye mwenyewe, peke yake, ajue ametuma ngapi na kwa nani. Tukilifikia hilo kwa wazee wote, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kwa ajenda ya tatu.

Mwenye swali aulize, na mwenye simu inayomsumbua asogee hapa mbele baada ya chai. Bwana mwenyekiti, ninakurudishia neno.

(Mkutano ulikubali mapendekezo yote matano. La tano liliongezewa miezi, kutoka mitatu kuwa sita, kwa ombi la mama zetu wa Lulimba. Karatasi ya hatua za kutuma mchango itatoka pamoja na toleo lijalo.)